Baridi Ipangiwe Ratiba: Mwongozo kwa Mfanyakazi Mgeni wa Theluji na Msimamizi Wake

Mtu aliyehamia Des Moines kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akisikia redioni kwamba kesho kutakuwa na nyuzi 20, huenda akafikiria asubuhi ya Juni mjini Arusha na kutoka na sweta moja. Redio ya Marekani inahesabu kwa Farenhaiti. Nyuzi 20 zao ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi tulichofundishwa shuleni, baridi ya kugandisha maji ya ndoo iliyoachwa uani. Kwa kipimo chao maji huganda kwenye 32, na sifuri yao ni kama 18 chini ya sifuri yetu. Jambo la kwanza la usalama wa kazi katika majira haya ni hilo dogo: jua unasomewa kipimo gani. Canada hutumia Selsiasi, Marekani hawatumii, na anayevuka mpaka kutafuta kazi hubeba kichwani namba zisizolingana na hewa iliyo nje ya mlango.

Nimeandika kwa ajili ya ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili wanaofanya kazi kaskazini mwa Marekani na Canada: wanaozoa theluji kwenye maegesho ya magari, wanaopakia mizigo kwenye milango ya maghala, wanaojenga, wanaokata nyama katika viwanda ambavyo baridi yake haina msimu. Nimeandika zaidi kwa yule aliyepewa uongozi wa zamu kwa kuwa Kiingereza chake kimenyooka kidogo kuliko cha wenzake, na ghafla usalama wa watu sita au kumi umekuwa mikononi mwake. Hoja yangu kwako ni kwamba baridi ni hatari ya kazini kama msumeno wa umeme ulivyo hatari ya kazini, na hatari ya namna hiyo huzuiwa kwa kuipanga kazi yenyewe: saa za kutoka, dakika za kukaa nje, mahali pa kuota moto, na mtu wa kumwangalia mwenzake. Nguo nzuri ni sehemu tu ya mpango huo. Uvumilivu, sifa ambayo wazee wetu walitulea tuiheshimu, hauna nafasi humo kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Mwili wa binadamu hufanya kazi ukiwa na joto la kama nyuzi 37. Hewa ya nje inapoanza kulinyonya joto hilo, mwili huchagua cha kuokoa: hubana mishipa ya damu ya vidole, masikio na pua ili damu ya moto ibaki kuzunguka moyo na mapafu. Ndiyo maana vidole hufa ganzi kwanza. Ukiendelea kupoteza joto, misuli huanza kutetemeka ili izalishe joto jipya. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, tayari umeingia katika hali ambayo madaktari huiita haipothemia, na hapo ubongo wenyewe huanza kulegea. Mtu huangusha vitu, hujikwaa, husema maneno yasiyoshikana, hukasirika bila sababu, au hukaa kimya na kudai amechoka tu. Kisha huja dalili inayowadanganya wengi: anaacha kutetemeka. Wenzake hudhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujitetea. Tazama basi tatizo la uvumilivu. Unamtaka mtu apime hatari kwa akili ileile ambayo hatari imeanza kuila. Anayezidiwa na baridi ndiye wa mwisho kujua, na jibu lake la "niko sawa" halina uzito wowote. Kwa sababu hiyo pekee, pasiwe na mtu anayefanya kazi nje peke yake katika baridi kali, na kila mmoja awe na mwenzake ambaye kazi yake ni kumtazama usoni na kumsemesha mara kwa mara.

Upepo na maji ndivyo vinavyobadilisha baridi ya kustahimilika kuwa ya kuua. Watafiti wawili Wamarekani, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo la upepo huko Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa kuangalia maji yanavyoganda ndani ya chombo cha plastiki kilichotundikwa nje. Mwaka 2001 idara za hali ya hewa za Marekani na Canada zilipitisha kanuni mpya, baada ya majaribio ya Toronto ambako watu waliojitolea walitembea wakipigwa usoni na upepo wa baridi. Kanuni hiyo inasema hivi: hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kwa hiyo unaposoma utabiri, tafuta namba mbili, ile ya hewa na ile ya baridi inayohisiwa kutokana na upepo, na upangie kazi ile ya pili. Maji nayo ni mabaya zaidi, maana huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa kavu. Aliyelowa mvua au jasho anaweza kupata haipothemia hata hewa ikiwa nyuzi 4 au 5 juu ya sifuri, siku ambayo hakuna hata chembe ya theluji. Miguu iliyokaa saa nyingi ndani ya buti zenye unyevu huharibika hata kwenye nyuzi 15, ikavimba, ikafa ganzi na kutoka malengelenge, na hilo linawahusu sana wanaosimama kwenye sakafu za maji viwandani.

Kutokana na hayo utaona kosa la anayejibu kwamba koti zito linatosha. Koti zito mno juu ya mtu anayesukuma koleo humtoa jasho, jasho hulowesha fulana ya ndani, na akisimama kupumzika fulana hiyo hugeuka kitambaa cha maji baridi kilichofungwa kifuani. Vaa nguo kwa tabaka tatu unazoweza kupunguza na kuongeza: ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za viwandani zinazopitisha jasho, ya kati iwe ya kuhifadhi joto, ya nje izuie upepo na maji. Pamba, rafiki yetu wa nyumbani, haifai kwenye ngozi hapa, na suruali ya jinzi haifai kabisa. Zote hunywa maji na hazikauki. Walau kwenye jambo hili tumekuja na ujuzi wetu. Aliyezoea kuchambua mitumba kwenye masoko ya Karume au Gikomba anajua kuigeuza nguo na kusoma lebo, na katika maduka ya nguo kuukuu ya Marekani sweta za sufu halisi hupatikana kwa bei ndogo. Buti ziwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili nene ndani ya buti inayobana huzuia damu, na mguu hupoa kuliko ungevaa moja. Weka soksi na glavu kavu kwenye begi la chakula. Dada anayevaa hijabu achague ile fupi inayoshika kichwa na kuingia ndani ya koti, kwani kitambaa kinachoning'inia kando ya mkanda wa mashine ni hatari nyingine. Na unapojaza petroli, usiimwagie glavu wala mikono: inapokauka hunyonya joto upesi, na huweza kuiumiza ngozi haraka kuliko hewa yenyewe.

Sasa nije kwenye pingamizi ninalolijali zaidi. Wapo wasemao: wenyeji wanafanya kazi hiyohiyo katika hewa hiyohiyo, nasi tumelima, tumebeba magunia, tumetembea siku nyingi tukikimbia vita, iweje tushindwe na hewa? Jibu la kwanza ni kwamba mwili huzoea joto vizuri, kwa wiki moja au mbili hivi, lakini baridi huizoea kidogo mno. Alichonacho mwenyeji zaidi ni ujuzi: nguo, dalili, na kujua lini aingie ndani. Jibu la pili halisemwi sana, na linatuhusu moja kwa moja. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1980 hadi 1999 ulionyesha kwamba wanajeshi wanaume Wamarekani Weusi walilazwa kwa majeraha ya baridi karibu mara nne zaidi ya wenzao Weupe. Jeshi la Uingereza nalo limeona tofauti kubwa ya namna hiyo kwa askari wake wenye asili ya Afrika. Sababu inayotajwa na wataalamu ni namna mishipa ya vidole inavyobana kwenye baridi na kuchelewa kufunguka tena. Jambo hili halina uhusiano na ujasiri wala nguvu za mtu, na watu hutofautiana. Ila kama msimamizi, likusukume kuwapa watu wako glavu bora na mapumziko ya mapema, badala ya kuwapimia kwa mwenyeji aliye imara kuliko wote.

Kuna la kuongeza hapo. Mabango mengi ya mafunzo huonyesha ngozi nyeupe ikiwa nyekundu, kisha ikapauka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Angalia sehemu iliyogeuka kijivu au kuwa kama imepakwa majivu, inayong'aa kama nta, ngumu ukiibonyeza, na isiyohisi kitu. Tazama masikio, ncha ya pua, mashavu, vidole vya mikono, kisha miguu. Maumivu yaliyokuwepo yakatoweka ghafla wakati mtu bado yuko nje ni onyo, wala si nafuu. Wenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na wanaovuta sigara, wako katika hatari zaidi, na inafaa waseme mapema ili wapangiwe sehemu za karibu na mlango.

Ratiba yenyewe haihitaji kubuniwa upya. Idara ya Kazi ya jimbo la Saskatchewan, Canada, iliandaa jedwali ambalo chama cha wataalamu wa afya kazini wa Marekani, ACGIH, kililichukua, na sehemu nyingi hulifuata. Jedwali limetengenezwa kwa kipindi cha kazi cha saa nne, kwa mtu mwenye nguo kavu anayefanya kazi ya kutumia nguvu, na kila mapumziko ni ya dakika kumi mahali penye joto. Hewa ikiwa kati ya nyuzi 26 na 28 chini ya sifuri bila upepo, mapumziko ya kawaida yanatosha. Hewa hiyohiyo ikipata upepo wa kilomita 32 kwa saa, mtu asikae nje zaidi ya dakika 40 mfululizo, na apate mapumziko manne. Ikishuka hadi 32 chini ya sifuri pamoja na upepo huo, kazi zote zisizo za dharura zisimame. Ninakutajia namba hizi uzibebe hadi kwa bosi wako, kwa sababu ukimwambia "watu wangu wanaona baridi" atakujibu kwamba hata yeye anaiona, lakini ukimwonyesha jedwali mazungumzo yanakuwa mengine.

Atakujibu kwamba dakika kumi mara nne ni dakika 40 za mshahara. Ni kweli, na hesabu hiyo usiikwepe. Lakini vidole vyenye ganzi havifungi boliti, huangusha vifaa, na hukosea kukata. Kazi ya nusu saa ya mwisho ya mtu aliyepoa hurudiwa kesho yake. Tena ratiba nzuri si ya mapumziko tu. Kazi za nje zisogezwe ziangukie saa za mchana zenye jua, maana Desemba mjini Minneapolis jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Sehemu ya kazi inayowezekana ifanyiwe karakanani. Kazi nzito na nyepesi zichanganywe ili pasiwe na mtu wa kutoka jasho kisha akasimama kushika bango barabarani. Kuwe na chumba au gari lenye joto hatua chache kutoka kazini, na chai ya moto yenye sukari. Pombe isiingie humo kamwe: humfanya mtu ajihisi amepata joto kwa sababu hufungulia damu kuelekea kwenye ngozi, na joto la ndani hutoka nayo. Na kuhusu mgeni, wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe. Huku hupewa koleo siku ya kwanza alfajiri. Wewe mwanzishe kwa vipindi vifupi katika wiki zake za mwanzo, na umweke pamoja na mtu anayezijua dalili.

Hatari moja ya majira haya tunaijua vizuri kuliko wenyeji wengi; tatizo ni kwamba hatuitambui ikibadilisha sura. Nani katika nchi zetu hajasikia habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, ikakutwa imekufa asubuhi? Gesi iliyowaua ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyohiyo hutoka kwenye hita ya propani iliyowashwa ndani ya hema la ujenzi lililofungwa kwa plastiki, kwenye jenereta iliyoingizwa karakanani, na kwenye gari linalonguruma mlango wa gereji ukiwa umefungwa. Gari lililokwama kwenye theluji likiwa limewashwa ili kupasha moto abiria huweza kuwaua ikiwa theluji imeziba bomba la moshi, kwa hiyo lizibue bomba kwanza. Mkiona zaidi ya mmoja wenu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu mahali pamoja, tokeni wote nje, hata kama nje kuna baridi kali. Nunueni kifaa cha kugundua gesi hiyo. Kwa dola chache hizo msibishane.

Mengine niyapitie upesi. Kwenye barafu tembea kwa hatua fupi na mguu mzima chini kama bata, mikono ikiwa nje ya mifuko, na mwaga chumvi au mchanga kabla zamu haijaanza badala ya baada ya mtu wa kwanza kuanguka. Kuzoa theluji kwa koleo hupandisha shinikizo la damu huku baridi ikibana mishipa, na watu hupatwa na mshtuko wa moyo wakifanya kazi hiyo. Isukume theluji zaidi kuliko kuinyanyua, na maumivu ya kifua yasisubiri mwisho wa zamu. Mashine ya kurusha theluji ikikwama usitie mkono hata ukiwa umeizima, kwani mapanga yake huweza kubaki na nguvu ya kujizungusha; tumia fimbo. Anayetumwa kusafisha paa lazima awe amefungwa kamba, kwa sababu theluji huficha ukingo wa paa na vioo vya kuingizia mwanga.

Limebaki lile linalowafanya wengi wanyamaze: nikisema nitafukuzwa. Hofu hiyo ina msingi, hivyo jibu lake liwe la sheria. Marekani haina kanuni ya taifa inayotaja kiwango cha baridi cha kusimamisha kazi, lakini sheria ya mwaka 1970 ya usalama kazini humtaka mwajiri aondoe hatari zinazojulikana zinazoweza kuua au kudhuru vibaya, na baridi ni mojawapo. Sheria hiyo humlinda mfanyakazi bila kujali karatasi zake za uhamiaji, na mafunzo hutakiwa kutolewa kwa lugha anayoielewa. Mwajiri akikuadhibu kwa kulalamika, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko OSHA, shirika la serikali linalosimamia sheria hiyo, kwa hiyo usichelewe. Kuhusu nguo, mwajiri halazimiki kukununulia koti la kawaida la majira ya baridi, ila nguo za kufanyia kazi ndani ya vyumba vya kugandishia ni juu yake. Canada mfanyakazi ana haki ya kujua hatari, kushiriki katika kuizuia, na kukataa kazi iliyo hatari. Marekani haki ya kukataa ni finyu zaidi, basi usiondoke tu kwa hasira: mwambie msimamizi, mbele ya shahidi, hatari ni ipi na unataka irekebishwe, baki eneo la kazi hadi utakapoamriwa kuondoka, kisha piga simu OSHA.

Na ikiwa mpango umeshindwa, fanya haya. Sehemu iliyoganda usiisugue, kwa mkono wala kwa theluji. Ukiwa ndani, na ukiwa na hakika haitaganda tena, iloweshe katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yapimwe na mtu mwenye hisia mkononi, kwa kuwa kidole chenye ganzi hakijui kinapoungua. Usipasue malengelenge. Usimtembeze mwenye vidole vya miguu vilivyoganda kama kuna njia ya kumbeba. Aliyepoa mwili mzima mvue nguo zote zenye maji, mfunike kifua, shingo na kichwa kwanza, mikono na miguu baadaye, na umshike kwa upole. Akiwa na fahamu zake mpe kinywaji chenye joto na sukari. Mwenzako akiacha kutetemeka naye hajaingia ndani, usimwulize kama yuko sawa. Mwingize, kisha piga 911.